MALAZI YA SAFARI: CHUMBA KIMOJA AU KILA MTU CHAKE?

 Ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote cha kiada, ingawa kila mwaka linatusumbua.

Chama kikitangaza safari ya kulala nje, swali la kwanza huwa ni pesa ngapi. La pili ni tutakula nini. La tatu haliulizwi mkutanoni, huulizwa kwa minong'ono jioni tukitembea kurudi nyumbani: "Kwani tutalala vipi?" Hapo ndipo majina huanza kupungua katika orodha. Namjua mwenzetu mmoja (simtaji, na msinisumbue kutaka jina) ambaye amelipia safari mara mbili, na mara zote mbili akaugua asubuhi ya kuondoka. Hakuwa mgonjwa. Pesa za wazazi wake zilikwenda, ndege wa msituni hakuwaona, na watu wakasema ati ni mwoga. Wahariri waliponiomba somo la mwaka huu, nikaona afadhali niandike kuhusu swali hilo la tatu.

Tukumbuke kwamba sisi ni shule ya kutwa. Wenzetu wa mabweni huyazoea mambo haya wiki yao ya kwanza, wapende wasipende. Sisi kila jioni tunarudi kwa mama. Kwa wengi wetu usiku wa kwanza wa kulala kando ya mtu ambaye si ndugu wala binamu huja safarini, tena huja ghafla, saa tatu usiku, mlangoni pa chumba, mwalimu akiwa ameshika tochi na orodha. Saa hiyo hakuna mtu anayeweza kusema la moyoni mwake.

MANENO KWANZA

Hiki ni chama cha Kiswahili, kwa hivyo tuanze na lugha. Ukisema darasani "nililala na fulani", darasa zima litacheka, na sote tunajua kwa nini. Katika somo hili nitasema kuchangia chumba, yaani watu wawili au zaidi kuwa chumba kimoja, kila mmoja na kitanda chake. Kuchangia kitanda ni jambo jingine kabisa, na nitalifikia. Ukiambiwa na nyumba ya wageni kwamba kuna "chumba cha watu wawili", usishangilie kabla hujauliza: vitanda viwili, au kitanda kimoja kikubwa? Swali hilo moja likisahauliwa mchana, jibu lake hupatikana usiku, mifuko ikiwa mgongoni na mvua inanyesha.

Kuna msemo ninaoupenda sana: kulala mzungu wa nne. Ukimwuliza mwanafunzi maana yake, huenda akakwambia ni mtalii aliyefika baada ya watatu kutangulia. La hasha! Kulala mzungu wa nne ni watu wawili kulala kitanda kimoja, kichwa cha huyu kikiwa miguuni pa yule. Msemo huu unatokana na karata. Zitazame zile za picha, mfalme na malkia na wenzao: kila mmoja ana vichwa viwili, kimoja kinatazama juu na kingine chini. Kwa hivyo wazee wetu wa pwani hawakuishia kujua kwamba watu hulazimika kubanana kitandani. Waliutafutia mlalo wa heshima na wakaupa jina. Nimelala mzungu wa nne na binamu zangu kila Desemba tangu nikiwa mdogo. Shida yake ni moja tu, nayo ni miguu ya mwenzako ikiwa haikuoshwa.

MILA HAZIKUSEMA YEYOTE NA YEYOTE

Mtu akisema anataka kulala peke yake, jibu analopata huku kwetu ni kwamba anaringa. "Kwani wewe ni nani? Sisi Waluhya tunalala pamoja." Nimelisikia neno hili mara nyingi, na nusu yake ni kweli. Huku Kakamega mvulana akishapita jandoni hajengi tena kitanda chake ndani ya nyumba ya wazazi. Hujengewa isimba, kile kijumba cha vijana kilicho pembeni mwa boma, na humo hulala yeye, ndugu zake, wakati mwingine na vijana wa jirani. Mgeni kijana akija, hupelekwa isimba bila kuulizwa. Wasichana nao zamani walikuwa wakienda kulala kwa nyanya, wengi pamoja, na huko ndiko walikofundishwa mambo ambayo mama aliona haya kuyataja.

Lakini tazameni vizuri jinsi mambo yalivyopangwa. Mvulana mkubwa na baba yake hawalali chini ya paa moja. Mkwe na mama mkwe ndiyo kabisa. Mama mkwe akija kwa bintiye, suala la atalala wapi huwashughulisha watu kuliko suala la kuku gani atachinjwa. Wavulana kwao, wasichana kwao, na mkubwa mmoja anayejulikana akiwa karibu. Yaani mila zilipanga malazi kwa makini kuliko orodha yoyote ya chama niliyowahi kuiona. Nani alale na nani, nani asilale na nani, nani alale karibu na mlango: yote yalijulikana kabla jua halijatua. Anayesema mila zetu ni kujazana tu chumbani hajamwuliza nyanya yake. Mimi niliuliza. Nyanya alinicheka kwanza, kisha akanieleza kwa saa nzima.

Na hii lugha yenyewe tunayoisomea chama ilifika huku pamoja na watu waliolala makundi makundi. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili na wapagazi wao ilikuwa ikipumzika kwa Nabongo wa Wanga, pale panapoitwa Mumias leo, katika karne ya 19. Joseph Thomson alipita hapo mwaka wa 1883, na Askofu Hannington mwaka wa 1885 akienda Uganda, safari ambayo hakurudi. Katika misafara kama hiyo wapagazi waligawanyika katika vikundi vidogo vidogo, kila kikundi na chungu chake, moto wake na kibanda chake. Hakuna aliyewalaza mamia ya watu mahali pamoja kama magunia ya mahindi.

Msidhani ni Waafrika tu. Uingereza wageni walikuwa wakichangia vitanda katika nyumba za wageni kwa karne nyingi. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kuna kitanda cha mwaka wa 1590 hivi kilichotoka mji wa Ware. Upana wake unapita mita 3, na Shakespeare alikitaja katika tamthilia yake. Marekani nako, Septemba 1776, John Adams na Benjamin Franklin, wakubwa wawili wa taifa jipya, walikosa nafasi katika nyumba ya wageni huko New Brunswick wakapewa chumba kimoja kidogo, kitanda kimoja, dirisha moja. Adams alikuwa hajisikii vizuri, akafunga dirisha. Franklin akamwambia afungue, kwamba hewa iliyofungiwa ndani ndiyo mbaya, si baridi, akaanza kumfafanulia nadharia yake juu ya mafua. Adams akafungua dirisha, akaingia kitandani, na mhadhara ukamlaza usingizi. Mimi nikisoma kisa hiki hufurahi, maana nilidhani ugomvi wa dirisha ni wa watoto wa shule.

TUNALALA WAPI HASA?

Safari zetu ni za namna tatu. Ya kwanza ni ya mashindano. Tamasha la muziki la Kenya lina umri wa tangu 1927 na la drama tangu 1959, na yote hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi taifa. Timu hulala katika shule za karibu: wenye bahati hupata mabweni yaliyoachwa wazi na wenyeji walio likizoni, wasio na bahati hupata darasa, madawati yakisukumwa ukutani na magodoro yakitandazwa sakafuni.

Ya pili ni kambi za hema, kama zile za Skauti. Hema dogo lina mambo yake. Ukigeuka, mwenzako anageuka. Ukikohoa, kambi nzima inajua ni wewe.

Ya tatu ndiyo inayopendwa na chama cha wanyamapori na cha kwetu pia, kwa sababu iko mlangoni petu: Msitu wa Kakamega. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Hapo kuna vibanda vya mviringo vya kuezekwa kwa nyasi, vinavyoitwa Udo's kwa heshima ya Udo Savalli, mtaalamu wa ndege. Vina chandarua, lakini blanketi unabeba mwenyewe, na kuoga ni kwa ndoo. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya watu wa misitu, na karibu yake kuna Rondo, nyumba nzuri ya zamani yenye bustani, ambayo bei yake si ya wanafunzi. Msitu huu una aina zaidi ya 300 za ndege, na anayewatafuta lazima aamke saa kumi na moja alfajiri, kabla mbega hawajamaliza kunguruma. Kwa hivyo kuchangia chumba na mtazama ndege si sawa na kuchangia na mwanakwaya. Mmoja atalala saa mbili usiku, mwingine atakuwa bado anarudia sauti ya tatu.

Usiku wa msituni pia una kelele zake. Perere akianza kupiga ukelele juu ya mti, mtu aliyelala peke yake katika kibanda atatamani hata adui yake awe karibu. Wako kati yetu wanaosema mchana kutwa kwamba wanataka chumba chao, na saa sita usiku wanabisha hodi kwa jirani. Wasichekwe. Lakini mwalimu mlezi aulize mapema, maana kumlaza peke yake mtu anayeogopa ni ukatili uleule wa kumbananisha mtu asiyetaka.

SABABU ZISIZOTAJWA

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, kwa maoni yangu.

Kwa nini mwenzetu akatae kuchangia chumba? Sisi hukimbilia majivuno. Mimi nimekaa nikafikiri, nikazungumza na muuguzi mmoja ambaye ni rafiki wa familia, na sababu nilizozipata karibu zote ni za aibu au za maradhi. Majivuno yalikuwa machache mno.

Kuna wanaokojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Muuguzi aliniambia kwamba kati ya vijana 100 wa umri wetu, mmoja au wawili wana shida hiyo, na si uvivu. Ni mwili, tena mara nyingi inatibika. Hesabu mwenyewe shule yetu ina wanafunzi wangapi. Kuna wasichana walio katika siku zao, ambao wangependa kuamka usiku na kujisafisha bila watu sita kuwasha tochi. Kuna anayemeza dawa kila usiku saa ileile, na hataki kuulizwa ni dawa ya nini. Ana haki hiyo kabisa. Kuna Mwislamu anayeamka kwa sala ya Alfajiri, au daku wakati wa Ramadhani, na anachukia kuwaamsha wengine. Kuna anayezungumza usingizini. Kuna ambaye nyumbani kwao mwaka huu mambo yaliharibika, na analia usiku. Na kuna, semeni ukweli, asiye na nguo ya kulalia wala blanketi isiyo na matundu. Mchana sare inatufanya tufanane, usiku hakuna sare.

Sasa mtu huyu anasimamishwa mbele ya orodha na kuulizwa kwa sauti, "Wewe hutaki kulala na wenzako kwa nini?" Aseme nini? Hatasema. Atalala macho wazi usiku kucha, au ataugua asubuhi ya safari. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii tunaiandika kila siku katika insha, na tukifika safarini tunaisahau.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Swali la malazi liulizwe kabla ya safari, lakini "kwa nini" isiulizwe. Atakayesema napendelea kuwa peke yangu, aandikwe hivyo, basi. Wengine wanaogopa kwamba kila mtu atadai chumba chake. Sidhani. Wengi wetu tunapenda kulala na marafiki, hiyo ndiyo raha ya safari. Hadithi za usiku zinashinda hata ndege wenyewe. Na wale wachache wanaotaka upweke, mara nyingi hawataki chumba kizima. Kati ya kuchangia kitanda na kuwa na chumba chako kuna ngazi nyingi: kitanda chako mwenyewe, kitanda cha chini cha deka, kitanda cha pembeni ukutani, kitanda kilicho karibu na choo, leso iliyotundikwa kwenye kamba. Mara nyingi kitanda cha pembeni na leso moja vinatosha, na havigharimu hata shilingi.

Kuna wachache ambao upweke ni hatari kwao. Mwenye kifafa, mwenye pumu, au anayetembea usingizini asilazwe peke yake hata akiomba. Hao wazungumze na mwalimu faraghani, na mtu mmoja wanayemwamini alale karibu akijua la kufanya. Mwenye kifafa akishikwa, ondoa vitu vya kumwumiza, mlaze kiubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, usimbane mikono. Ikipita dakika tano bila kutulia, ni hospitali. Pumu nayo, kile kifaa chake cha kuvutia dawa kiwe chini ya mto, kisiachwe ndani ya basi.

KITANDA, MLANGO NA MKUBWA

Kuchangia kitanda safarini kukatazwe. Mzungu wa nne ni wa nyumbani kwa shangazi. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 hauruhusu wanafunzi wawili kitanda kimoja, na unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia ya kupita ya mita 2, milango inayofunguka kwa nje, na madirisha yasiyo na vyuma. Haya hayakuandikwa kwa kupenda kuandika. Bombolulu mwaka wa 1998 walikufa wasichana 26. Kyanguli mwaka wa 2001 wavulana 67. Hillside Endarasha, Septemba 2024, watoto 21. Kwa hivyo tukifika katika bweni la wenyeji, kabla ya kugombania kitanda cha dirishani, tutazame mlango wa pili uko wapi na kama unafunguka. Kama umefungwa kwa kufuli, mwenye ufunguo alale palepale, la sivyo tulale kwingine.

Upele na mashilingi pia hupendelea wanaochangia shuka na taulo, sihitaji kueleza zaidi. Na Kakamega ni nchi ya malaria, kwa hivyo chandarua kimoja kwa kitanda kimoja.

Jambo la mkubwa nitalisema bila kupinda. Mwalimu, mkufunzi wa kwaya, dereva, mwongoza watalii, hata awe mtu wa dini, halali chumba kimoja na mwanafunzi. Si kwa sababu hakuna nafasi, si kwa sababu "ni kama mzazi". Tume ya Huduma za Walimu ilitoa waraka nambari 3 mwaka wa 2010 juu ya kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kimapenzi, na Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka wa 2006 inamtaja waziwazi mtu anayetumia cheo chake. Wasichana waende na mwalimu wa kike, naye awe na chumba chake karibu nao, mlango kwa mlango. Likitokea la kutokea na humwamini mtu yeyote pale, nambari 116 ya Childline ni ya bure. Iandikeni nyuma ya daftari kabla ya safari.

HESABU KIDOGO

Tuseme chumba chenye vitanda viwili ni shilingi 2,400 kwa usiku. Mkiwa wawili kila mmoja hulipa 1,200. Ukiwa peke yako unalipa zote, kwa kuwa mwenye nyumba anauza chumba, hauzi pumzi zako. Sasa wasichana wakiwa 7? Vyumba vitatu vinajaa, wa saba anabaki. Desturi ya vyama vingi ni kumwambia huyo wa saba alipe 2,400, ati bahati yake mbaya. Mimi naona si haki. Vyumba vinne ni 9,600. Gawanya kwa 7, kila mtu analipa 1,371 na senti. Ongezeko ni chini ya shilingi 200, na chumba cha peke yake kinapewa anayekihitaji, na hakuna anayejua kama alikiomba au kilimwangukia. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Ikiwa wasichana ni shufwa, mwalimu anaweza kufanya hivyohivyo kwa makusudi.

MKISHAINGIA CHUMBANI

Waliopangiwa chumba kimoja wazungumze kabla ya kuvua viatu. Taa izimwe saa ngapi? Dirisha lifunguliwe (wamkumbuke Adams)? Nani anaamka kwa ndege na nani anaamka kwa uji? Anayeamka mapema afungashe vitu vyake usiku uleule, maana hakuna sauti mbaya duniani kama ya mfuko wa plastiki saa kumi na moja alfajiri. Vijana wa umri wetu wanahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, na safarini tunapata tano tukijitahidi.

Akikoroma mtu, asirushiwe kiatu. Anayelala chali hukoroma zaidi. Mwombe kwa upole ageuke kiubavu. Chumbani mwetu mwaka jana tulikubaliana kwamba anayekoroma atalala wa mwisho, baada ya wengine wote kushikwa na usingizi. Ilifaulu usiku mmoja, wa pili yeye ndiye aliyetutangulia kulala, na tukamsikiliza pamoja na mvua juu ya mabati mpaka hatujui ipi ni ipi.

Usifungue mfuko wa mwenzako. Usimpige mtu picha amelala, hata kama ni mzaha, hata kama ulifanikiwa kuingiza simu iliyokatazwa. Na ukisikia jambo usiku, mtu analia, mtu anaita jina, mtu anafua shuka gizani, ni bora kumsaidia kubeba ndoo kuliko kuwa na hadithi ya basi. Kama ni jambo la hatari mwambie mwalimu. Kama si la hatari, libaki humo chumbani.

Katika mkutano wa muhula ujao nitaleta pendekezo kwamba kila anayejiandikisha kwa safari ya Buyangu apewe kipande cha karatasi chenye maswali manne: Ungependa kulala na nani? Ungependa kutolala na nani? Ungependa kuwa peke yako au kitanda cha pembeni? Kuna jambo lolote la afya ambalo mwalimu anapaswa kujua? Hakuna swali la tano. Karatasi ikunjwe na kupelekwa kwa mwalimu mlezi mwenyewe, isipitie kwa katibu wala kwa mwenyekiti, kwa sababu hao nao ni wanafunzi na watapangiwa vyumba kama sisi.